Akiba Inayooza: Muhogo wa Nchelenge na Kipimo Kinachokosekana

Kila mwaka, ikifika tarehe 1 Desemba, uvuvi hufungwa upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, na haufunguliwi mpaka Februari iishe. Amri hiyo ina sababu njema, kwani samaki wanahitaji kuzaliana bila kusumbuliwa. Lakini kalenda hiyo ina upande wa pili usiozungumzwa sana. Desemba hadi Februari ndiyo miezi ya mvua kubwa kaskazini mwa Zambia. Fedha ya samaki imekatika, mahindi mapya bado ni machanga, na kaya nyingi za Nchelenge na Kashikishi, kwenye ufuo wa ziwa hilo, zinaegemea kitu kimoja tu, muhogo uliobaki shambani. Na katika miezi hiyo hiyo udongo hujaa maji, na vimelea vinavyoozesha mizizi hufanya kazi kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote. Kaya huiendea akiba yake pale hasa akiba inapokuwa hatarini zaidi.

Waswahili tunasema akiba haiozi. Kwa mkulima wa mwambao wa Mweru, methali hiyo ina masharti. Muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu, hata kama haujashikwa na ugonjwa wowote. Ukiachwa ardhini hukaa mwaka mzima, miwili, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo shamba ndilo ghala, na anayekula muhogo huchimba kadiri anavyohitaji. Hoja ya safu hii inaanzia hapo. Aina mpya za muhogo tunazisifu kwa tani kwa hekta, kwa wepesi wa kukomaa na kwa kuhimili magonjwa ya majani. Mara chache sana tunaambiwa aina fulani inaweza kukaa miezi mingapi katika udongo wenye maji kabla mizizi yake haijaoza. Mahali ambapo shamba ni ghala, hicho ndicho kipimo kinachopaswa kutangulia.

Muhogo si mgeni katika bonde la Luapula, ilipo Nchelenge. Ulitoka Amerika Kusini, Wareno wakauleta Afrika, na Walunda wa Mwata Kazembe waliohamia bondeni katika karne ya 18 waliukuza ukawa chakula kikuu. Mreno Lacerda alifika kwa Kazembe mwaka 1798 na kufia huko. Wenzake Monteiro na Gamitto walifuata mwaka 1831, na Gamitto akaandika juu ya muhogo kama chakula cha nchi. Livingstone alipoufikia ufuo wa Mweru Novemba 1867, kisha mji wa Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara Muhammad bin Saleh, aliyekuwa ameishi hapo miaka mingi. Misafara ya watu wa pwani ililishwa na mashamba hayo. Ninaitaja historia hii kwa sababu moja. Kwa zaidi ya karne mbili wakulima wa bonde hili wamekuwa wakichagua aina za muhogo, na kigezo chao kimoja ambacho hakijaandikwa katika jedwali lolote ni kama mizizi itakuwa salama watakaporudi kuichimba.

Kuoza kwa mizizi si ugonjwa mmoja. Mkulima huona jambo moja, mzizi laini wenye harufu mbaya, lakini chini yake kuna kundi la vimelea vyenye tabia tofauti. Wa kwanza ni jamii ya Phytophthora, ukoo ule ule uliomaliza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Katika muhogo huleta uozo laini wenye majimaji, na mmea hunyauka ghafla huku udongo ukiwa umelowa. Pythium ni ndugu yake na hupenda mazingira hayo hayo. Kuna Fusarium, ambayo mara nyingi huingia polepole na kuacha uozo mkavu wa kahawia. Kuna Lasiodiplodia theobromae, inayoweka weusi ndani ya mzizi na ndani ya pingili. Kuna Sclerotium rolfsii, ambayo huvika shingo ya mmea nyuzi nyeupe kama pamba zenye vijipunje vya rangi ya haradali. Na kuna wale wa misituni, Armillaria na Rigidoporus, wanaoishi kwenye visiki na mizizi ya miti iliyokatwa, wakangoja mmea mwingine upandwe juu yao.

Tofauti hizi si za vitabuni tu. Phytophthora na Pythium, ingawa mazoea huziita kuvu, kisayansi haziko katika ukoo wa kuvu halisi. Kuta za seli zake zimejengwa kwa selulosi, na kemikali fulani inayopatikana kwa kuvu, ambayo viuakuvu vingi hulenga kuizuia, haitengenezwi na vimelea hivi. Kwa hiyo mtu anaweza kununua dawa ya kuvu dukani, akainyunyizia kwa uaminifu, na Phytophthora isiguswe hata kidogo. Zipo dawa zinazoziweza, kama metalaxyl, lakini kwa mkulima mdogo anayelima muhogo kwa ajili ya chakula, gharama yake haina hesabu inayolipa. Isitoshe, vimelea huzoea dawa ya aina hiyo haraka ikitumiwa peke yake. Katika muhogo, dawa ya chupa si mahali pa kuanzia.

Mahali pa kuanzia ni kujua vimelea vinapita wapi. Njia ya kwanza ni maji. Mbegu za Phytophthora zina vijimkia na huogelea katika maji yaliyojaa kwenye matundu ya udongo. Udongo ukipitisha maji vizuri, safari hiyo inakatika. Maji yakituama kwa siku kadhaa, kila mzizi ulio karibu unafikika. Nchelenge iko katika ukanda wa Zambia unaopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, karibu zote zikianguka kati ya Novemba na Aprili. Karibu na ziwa, ambako ardhi ni tambarare na maji ya chini hayako mbali, shamba lililolimwa bila matuta ya juu linaweza kulowa wiki nzima.

Njia ya pili ni jeraha. Ganda la nje la mzizi wa muhogo ni kinga halisi, na likiwa zima vimelea vingi hukwama nje. Lakini jembe hulichubua, panya hulitafuna, mchwa huligusa. Na kuna jeraha moja ambalo sisi wataalamu hulisahau kwa kuwa tunavuna mashamba yetu ya majaribio kwa siku moja. Mama wa Nchelenge havuni hivyo. Anafukua upande mmoja wa tuta, anachagua mizizi miwili mikubwa, anaikata kwenye shingo, anafukia na kuuacha mmea uendelee. Ni akili kubwa ya matumizi, kwani mizizi midogo hupata nafasi ya kukua. Lakini kila mkato unaobaki shinani ni mlango, na katika Januari yenye mvua mlango huo hufunguka ndani ya udongo uliolowa. Aina ya muhogo ikijaribiwa kwa kuvunwa yote kwa mpigo, jaribio halijagusa namna inavyoliwa.

Njia ya tatu ni masalia. Visiki, mizizi iliyooza ikaachwa, na mabaki ya mazao ya mwaka uliopita ni makao ya vimelea. Hili lina uzito wa pekee katika wilaya hii tangu mwanzoni mwa mwaka 2018, pale makazi ya Mantapala yalipofunguliwa kwa ajili ya watu waliokimbia vita upande wa Kongo, wengi wao wazungumzaji wa Kiswahili. Pori lilifyekwa ili watu wajenge na walime. Shamba jipya la porini lina rutuba ya majivu na majani, na muhogo wa kwanza unaweza kupendeza. Lakini visiki vilivyobaki chini ndivyo vinavyomlisha Armillaria na Rigidoporus. Katika shamba la namna hiyo, kung'oa visiki na mizizi mikubwa ya miti kabla ya kupanda kunaokoa zaidi kuliko mbegu yoyote, na kama nguvu za kung'oa hazipo, ni afadhali kutanguliza nafaka kwa msimu mmoja au miwili.

Mpaka hapa nimezungumzia uozo unaotoka udongoni. Kuna uharibifu mwingine wa mizizi unaofanana nao machoni, na kuchanganya haya mawili ni kosa linaloweza kugharimu wilaya nzima. Nao ni ugonjwa wa michirizi kahawia. Unasababishwa na virusi, unaenezwa na inzi weupe kwa masafa mafupi na kwa pingili zilizoambukizwa kwa masafa marefu. Ulielezwa kwa mara ya kwanza na H. H. Storey mwaka 1936, kutokana na kazi ya kituo cha Amani, katika milima ya Usambara. Kwa miongo mingi ulijulikana kama ugonjwa wa pwani na wa ufuo wa Ziwa Nyasa, na wengi waliamini haupandi zaidi ya mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2004 ulijitokeza Uganda, juu ya kiwango hicho, na tangu hapo imani ile imekufa. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba umethibitishwa Zambia kwa mara ya kwanza, katika wilaya za Chienge na Kaputa. Chienge inapakana na Nchelenge upande wa kaskazini, kwenye ufuo ule ule wa Mweru.

Mkulima akikata mzizi na kukuta kahawia ndani, anaita yote kuoza, na hana kosa. Lakini kisu kinaweza kumpa jibu. Uozo wa udongoni kwa kawaida huanza nje au shingoni ukielekea ndani, mzizi hulainika, hutoa maji na harufu, na mara nyingi mmea wenyewe hunyauka. Michirizi kahawia huacha mabaka makavu ya rangi ya kahawia na manjano, magumu kama kizibo, yaliyotawanyika ndani ya nyama nyeupe, huku ganda la nje likiweza kuonekana zima na mmea ukisimama kijani. Wakati mwingine mzizi hubanwa katikati kana kwamba umefungwa uzi. Majani ya chini huwa na manjano kando ya mishipa bila kujikunja, na shina changa huwa na mistari ya kahawia. Ugonjwa wa batobato ni tofauti na haya yote, maana huo hukunja na kudumaza majani ya juu, na mizizi hubaki midogo lakini safi.

Tofauti hiyo inaamua tiba. Kama ni uozo wa udongoni, pingili kutoka shina zima la shamba hilo zinaweza kufaa, na kinachobadilishwa ni mahali pa kupanda. Kama ni michirizi kahawia, mahali hapana kosa kubwa na pingili ndizo zenye hatari. Anayehama shamba kwa kuogopa uozo huku amebeba pingili zenye virusi amehamisha ugonjwa kwa mikono yake. Na anayechoma pingili zake zote kwa kuogopa virusi, kumbe shida ilikuwa maji yaliyotuama, atapanda mbegu mpya katika dimbwi lile lile.

Macho pekee hayatoshi kila mara. Magharibi mwa Kongo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wamekuwa wakiona mizizi yenye kahawia inayofanana sana na ya michirizi kahawia. Sampuli zilipopimwa maabara, virusi vinavyojulikana havikupatikana. Funzo lake kwa Luapula ni dogo na la maana. Afisa ugani akiletewa mzizi wenye kahawia asitoe jina kabla ya kuuliza maswali. Shamba lina umri gani? Maji yanatuama? Pingili zilitoka wapi? Majani ya chini yakoje? Na pale ambapo majibu hayaelekei upande mmoja, sampuli ya majani iende maabara kabla pingili hazijagawiwa kijiji cha pili.

Sasa tuje kwenye ukinzani wenyewe, neno linalotumiwa kana kwamba lina maana moja. Mwaka 1963 mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa Afrika Kusini, J. E. Vanderplank, aliugawa ukinzani katika sehemu mbili. Upo ule wa wima, ambao hutegemea jeni moja au chache, huzuia kabisa baadhi ya aina za kimelea, na siku kimelea kinapobadilika huanguka wote kwa pamoja. Upo wa mlalo, unaojengwa na jeni nyingi, hauzuii kabisa lakini hupunguza kasi dhidi ya aina zote za kimelea. Ndizi imetuonyesha wa kwanza. Mnyauko wa Fusarium, ugonjwa wa kuvu unaoingia kwa mizizi, uliangamiza aina ya Gros Michel katika mashamba ya biashara, na dunia ikakimbilia Cavendish iliyoukinza. Miongo kadhaa baadaye ikatokea aina nyingine ya Fusarium inayoiua Cavendish yenyewe, na mwaka 2013 ikagunduliwa kaskazini mwa Msumbiji. Jibu lilikuwa sahihi kwa kimelea kimoja, na kimelea hakikusubiri.

Mfano wa pili unatoka kwenye nyasi. Nyasi ya kikuyu, mzaliwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, ilipelekwa Australia karibu mwaka 1919 na kuenea katika malisho na viwanja vya michezo. Huko ikapata ugonjwa wa mizizi unaoigeuza mabaka ya manjano, unaosababishwa na kimelea kilichoelezwa mwaka 1984 kwa jina la Verrucalvus flavofaciens. Nacho kimo katika kundi la Phytophthora, si la kuvu halisi. Wataalamu wa New South Wales walitoa aina iitwayo Noonan, ambayo hustahimili ugonjwa huo kuliko nyingine. Kustahimili kulitosha: nyasi huumwa lakini hubaki hai na kulisha ng'ombe. Dhidi ya kimelea cha udongoni, ambacho hakiwezi kufagiliwa kikaisha, ustahimilivu wa namna hiyo mara nyingi hudumu kuliko ushindi wa jeni moja.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa muhogo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930, Amani ilichanganya muhogo na mpira wa Ceara, ndugu yake wa jenasi moja, ili kupata ukinzani dhidi ya batobato na michirizi kahawia. Mradi ulifungwa mwaka 1957. Lakini uzao wake mmoja uliobeba namba 46106/27 ulibaki mikononi mwa wakulima. Pwani ya Kenya wakauita Kaleso, Tanzania ukajulikana kama Namikonga, na leo ni miongoni mwa vyanzo muhimu vya ukinzani dhidi ya michirizi kahawia. Watafiti waliondoka, mmea ukalindwa na watu walioula. Huo ni ushahidi kwamba shamba la mkulima linaweza kuwa hifadhi ya ukinzani kwa muda mrefu kuliko bajeti ya mradi wowote.

Hata hivyo, ukinzani wa Namikonga ni dhidi ya virusi. Haumaanishi kwamba mizizi yake itakaa salama katika udongo uliotuama maji. Hapo ndipo lugha ya matangazo ya mbegu inapotuponza. Aina inaitwa kinzani, msikilizaji anasikia imekingwa na kila kitu. Dhidi ya uozo, hata kinga yenyewe ina tabaka. Kituo cha CIAT cha Colombia, ambacho kimefanya kazi nyingi juu ya Phytophthora wa muhogo, kimeonyesha kwamba aina moja inaweza kutegemea ganda lake na nyingine nyama yake ya ndani. Ile ya ganda huwa salama mpaka jembe lilichubue. Ile ya nyama huwa na nafasi hata baada ya jeraha. Kwa mama anayekata mizizi miwili na kuiacha mingine, tofauti hii ni kubwa kuliko tani tano za ziada kwa hekta.

Zambia haijalala katika uzalishaji wa mbegu. Mwaka 1993 zilitolewa Bangweulu, Kapumba na Nalumino. Mwaka 2000 zikafuata Mweru, Chila, Tanganyika na Kampolombo, kutokana na kazi ya programu ya mazao ya mizizi yenye makao Mansa, mji mkuu wa mkoa wa Luapula. Ni kazi ya kuheshimiwa. Aina hizi hukomaa mapema kuliko nyingi za asili, na kwa mtu anayeuza makopa au unga kwa wateja wa Copperbelt, kukomaa mapema ni fedha. Lakini kukomaa mapema kuna swali lake. Mzizi uliokomaa mapema ukiendelea kuachwa ardhini kama wa asili ulivyoachwa, umri wake wa kukaa katika hatari huwa mrefu zaidi. Mkulima anayechanganya aina mpya kwa soko na aina ya zamani ya Katobamputa kwa chakula cha nyumbani mara nyingi huonekana mkaidi katika ripoti. Mimi naona mtu anayegawa akiba yake kati ya mtaji wa haraka na chakula cha Januari.

Kuna wakati muhogo wa Afrika uliokolewa kwa jibu moja kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata, yule mdudu mwenye unga mweupe, aliingia katika eneo la Kinshasa na Brazzaville, kisha akasambaa katika ukanda wa muhogo, Zambia ikiwemo. Mwaka 1981 nyigu mdogo aliyepatikana Paraguay aliachiliwa Nigeria chini ya kazi iliyoongozwa na Hans Herren, na kuenea kwake kukamdhibiti mdudu huyo kwa gharama ndogo ajabu. Herren alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Hadithi hiyo inavutia, na ndiyo sababu huwafanya watunga sera wasubiri nyigu wa kila tatizo. Kidung'ata alikuwa mgeni aliyeacha adui zake kwao. Vimelea vya uozo viko katika udongo karibu kila mahali, na vina chakula hata muhogo usipokuwepo. Hakuna anayeweza kuletwa kutoka ng'ambo akavimaliza. Kinachowezekana ni kuvinyima maji, majeraha na masalia, na kupanda aina inayovumilia vilivyobaki.

Kwa vitendo, mambo si mengi. Matuta yawe ya juu, na katika ardhi tambarare karibu na ziwa yaelekezwe ili maji yaondoke. Pingili zikatwe kutoka mimea iliyosimama na afya, kwa panga kali na safi, na shina lenye weusi ndani litupwe. CIAT ilipendekeza pia kuzamisha pingili katika maji ya nyuzi 49 za sentigredi kwa dakika 49 ili kuua Phytophthora. Kijijini hilo ni gumu bila kipimajoto, lakini kwa kikundi kinachozalisha mbegu ya kuuza linawezekana kabisa. Mizizi iliyooza isiachwe kwenye tuta. Na mahali pa kuchimba kidogo kidogo, afadhali kumaliza tuta zima kuliko kujeruhi matuta kumi, hasa mvua zikishaanza. Mizizi ya ziada inaweza kulowekwa na kukaushwa kabla ya mvua kushika, Septemba na Oktoba, ili sehemu ya akiba ya Desemba ikae ndani ya nyumba ikiwa makopa, na iliyobaki tu ndiyo ipambane na udongo.

Kuhusu kubadilisha mazao, kuna mtego ambao huonekana kama ushauri mzuri. Karanga na maharage hupendekezwa sana kufuatana na muhogo au kuchanganywa nao, kwa sababu hurudisha nitrojeni. Lakini Sclerotium rolfsii hushambulia karanga na maharage kwa hamu ile ile, na vijipunje vyake huishi udongoni kwa miaka. Shamba lenye nyuzi nyeupe shingoni mwa muhogo likipandwa karanga halijapumzishwa, limelishwa. Hapo mahindi, mtama au ulezi ndio wa kupishana nao. CIAT imeweka kiwango kinachokumbukika kwa urahisi. Uozo ukizidi asilimia 3 ya mizizi, yaani zaidi ya mitatu katika mia, ni wakati wa kupanda nafaka. Mtu anaweza kuhesabu hivyo akiwa na ndoo mbili na daftari.

Kuhesabu huko ndiko kunakonirudisha kwenye kipimo kinachokosekana. Kupima umri wa kukaa ardhini hakuhitaji maabara ya fahari. Panda aina zile zile katika mashamba mawili, moja linalopitisha maji na moja linalolowa. Chimba sehemu ya kila moja katika mwezi wa 12, wa 18, wa 24 na wa 30. Katika nusu ya mimea vuna kidogo kidogo kama wanavyovuna wenye nyumba, katika nusu nyingine vuna kwa mpigo. Hesabu mizizi iliyooza, iliyo na mabaka makavu na iliyo safi, kila kundi peke yake. Wahusishe wanawake wanaochimba, maana wao ndio wanaojua ni aina ipi waliyowahi kuikuta imeoza na ipi imewangoja. Miaka miwili na nusu ni muda mrefu kwa ripoti ya mradi, lakini ni muda wa kawaida kwa muhogo wa Luapula, na jaribio lisilofika huko halijauliza swali la Nchelenge.

Kisha matokeo yaandikwe mahali mkulima anapoyaona. Karatasi ya kutangaza aina mpya, iwe Mansa, iwe Lubumbashi, iwe katika vituo vya Tanzania vinavyopanda muhogo katika udongo wa namna hii, iwe na mstari mmoja zaidi chini ya tani na asilimia ya wanga: miezi inayoweza kukaa katika udongo mkavu, miezi inayoweza kukaa katika udongo uliolowa. Mstari huo utaziangusha aina fulani zenye sifa kubwa leo, na utazipandisha baadhi ya zile za asili ambazo tumezoea kuziita za kizamani. Utamsaidia pia afisa wa uvuvi, kwa kuwa amri ya kufunga ziwa huheshimika zaidi pale ambapo nyumbani kuna chakula cha kusubiria Machi. Kamati za kupitisha mbegu zinaweza kuudai mstari huo kuanzia maombi ya msimu ujao. Zisipoudai, zitaendelea kupitisha mbegu zilizopimwa kwa ghala ambalo mkulima wa Mweru hana.